Prosesa na RAM za kompyuta ya gemu hununuliwa pamoja

Tangazo likisema "Core i7, 3.4 GHz, RAM GB 16, inapiga gemu zote", jua umeambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Core i7 ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta, na RAM ni kumbukumbu yake ya muda. i7 gani? Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazopiga hesabu kila moja kivyake, na nyuzi nane, yaani foleni nane za kazi zinazopokelewa kwa pamoja. Core i3-12100, ambayo kwa jina ni kitinda mimba wa ukoo huohuo, ilitoka mwanzoni mwa 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na mwendo wake wa kuanzia ni 3.3 GHz, chini kidogo ya ule wa mkubwa wake. Ukizisoma kwenye karatasi utaona zinalingana. Ukizipa gemu, i3 hiyo inaiacha i7 ya 2011 mbali mno, kwa sababu katika kila mzunguko mmoja wa saa yake inamaliza kazi nyingi zaidi. Tena zipo gemu mpya zisizofunguka kabisa kwenye i7 hiyo, kwa kuwa haina AVX2, amri za hesabu ambazo Intel waliziingiza kwenye prosesa zao mwaka 2013. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, inaanzia kizazi cha nane cha Intel, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo usiishie kwenye "i7" au "Ryzen 5". Soma namba inayofuata. Katika 12400, tarakimu mbili za mwanzo zinasema ni kizazi cha kumi na mbili. Katika 8500, tarakimu moja ya mwanzo inasema ni cha nane. Kwa Ryzen, prosesa za AMD, 5600 ni ya mfululizo wa 5000 na 7600 ni ya mfululizo wa 7000. Herufi za mwisho pia zina maana. F kwa Intel inamaanisha prosesa haina grafiksi za ndani, hivyo bila kadi ya grafiksi hutaona hata maandishi kwenye skrini. K inamaanisha unaruhusiwa kuiongezea mwendo kupita ule wa kiwandani. G kwa AMD inamaanisha ina grafiksi za ndani zenye nguvu ya kutosha kuchezea gemu nyepesi. X3D tutaifikia, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini prosesa na RAM haziwezi kuchaguliwa kila moja peke yake.

Chukua mechi ya EA Sports FC. Kabla picha moja haijachorwa, prosesa inakokotoa wachezaji ishirini na wawili wako wapi, mpira unadunda vipi, kipa ataruka upande gani, kisha inaikabidhi kadi ya grafiksi orodha ya vitu vya kuchora. Picha hiyo moja ndiyo fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 16.7 za kumaliza orodha hiyo. Ukitaka 144, ina milisekunde 6.9 tu. Kadi ya grafiksi nayo imepewa muda huohuo wa kuchora. Mmoja wao akichelewa, gemu lote linakwenda kwa mwendo wake, na pesa uliyomwongezea mwenzake inabaki imelala.

Kama tayari una kompyuta na hujui nani anachelewesha, shusha rezolusheni ya gemu (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p. Kadi itapunguziwa kazi, prosesa itabaki na kazi ileile. Fremu zikipanda, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki palepale, tatizo liko kwa prosesa au RAM. Ile asilimia ya CPU kwenye Task Manager usiiamini sana. Inaweza kusoma 30 huku gemu linakwamakwama, kwa sababu inajumlisha viini vyote, ilhali gemu nyingi hukitwisha kiini kimoja mzigo mkubwa kuliko vingine. Kikishajaa hicho, vilivyobaki havina la kufanya.

Na hata kiini hicho kilichojaa, mara nyingi hakihesabu kitu. Kinasubiri data. Prosesa ya 5 GHz inapiga mzunguko mmoja kila nanosekunde 0.2, ilhali safari ya kwenda kuchukua data kwenye RAM na kurudi inakula nanosekunde 70 au zaidi. Hapo mizunguko zaidi ya 300 imepita bure. Fundi mwashi hodari akisimama juu ya jukwaa mikono mitupu kwa sababu saidia fundi bado yuko chini anachanganya saruji na mchanga, ukuta haupandi hata ukimwongezea fundi ujira. Kinachotakiwa ni karai kubwa lililojaa pale alipo. Ndani ya prosesa karai hilo huitwa kashe, kumbukumbu ndogo iliyojengwa kwenye prosesa yenyewe. Data ikiwa kwenye kashe ya ngazi ya tatu, inafika kwa nanosekunde kama 10.

Aprili 2022 AMD walileta prosesa inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Ryzen 7 5800X3D ni ndugu wa 5800X, ina viini vilevile vinane, ila juu yake walibandika tabaka la kashe la MB 64, jumla ikawa MB 96 badala ya 32. Mwendo wake wa juu ulishushwa kutoka 4.7 GHz hadi 4.5. Maana yake waliuza prosesa yenye mwendo mdogo zaidi, na bado kwenye gemu nyingi iliiacha 5800X nyuma kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Kwenye kazi kama kuchakata video, ambako data inakuja kwa mpangilio unaotabirika, haikuwa na ubabe wowote. Gemu ni tofauti: data yake imetawanyika, na kila mchezaji, kila risasi na kila mlango unaofunguliwa unaita kipande kingine kutoka pengine. Zilifuata 7800X3D mwezi Aprili 2023 na 9800X3D mwezi Novemba 2024, ambayo tabaka la kashe lilihamishiwa chini ya viini ili joto lipate njia ya kutoka.

Ukishaelewa hivyo, mitego midogo ya dukani inaanza kuonekana. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zote zina viini sita na nyuzi kumi na mbili, majina yanakaribiana na bei pia. Lakini 5600 ina kashe ya MB 32 na 5500 ina 16. Hali ni hiyohiyo kwa 5600G: imetoa nafasi kwa grafiksi za ndani, kashe ikabaki 16. Kama hutaki kununua kadi ya grafiksi kwa sasa, 5600G ni chaguo zuri. Kama kadi unayo, hiyo G unailipia kitu usichokitumia na kukosa kile unachokihitaji.

Lakini hapa inabidi nimpunguze kasi anayetaka kukimbilia X3D. Wakaguzi wanaolinganisha prosesa huzipima kwa kadi ya bei ya juu kabisa iliyopo, kwenye rezolusheni ya 1080p, makusudi, ili kadi isiwe kikwazo na tofauti za prosesa zijitokeze. Ndivyo inavyopaswa kupimwa. Tatizo ni kwamba msomaji mwenye kadi ya kati kama RTX 3060 au RX 6600 anaziangalia grafu zile akidhani zinamhusu. Kwa kadi ya daraja hilo na skrini ya 60 Hz (inayoonyesha picha 60 kwa sekunde), tofauti kati ya i5-12400F na prosesa ya bei mara tatu yake kwenye gemu nyingi hutaiona, kwa sababu kadi itakuwa imeshafika mwisho kabla prosesa haijachoka. Kanuni yangu ni nyepesi: kama ili kupata X3D unalazimika kushuka daraja la kadi, achana nayo. Inakuwa na maana kwa mwenye skrini ya 144 Hz au zaidi, kadi nzito, na gemu za ushindani kama Counter-Strike 2, au gemu za kujenga miji na kurusha ndege zinazokaba prosesa kuliko kadi.

Kuhusu idadi ya viini, sita vyenye nyuzi kumi na mbili vinatosha gemu karibu zote za leo. Vinane ni akiba ya kesho. Zaidi ya hapo unanunulia kazi nyingine, si gemu. Ndiyo maana sizipendi sana zile seti za Kichina zenye Xeon E5-2680 v4 na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya X99, ingawa naelewa kwa nini zinauzika. Viini 14 na nyuzi 28 kwa bei ya chakula cha wiki mbili ni kishawishi kikubwa. Ila ni prosesa ya seva ya 2016 inayofika 3.3 GHz tu, na gemu linataka viini vichache vyenye kasi. Ukishaiweka na kadi nzuri, inaanza kuirudisha nyuma.

Tuje kwenye RAM. Kiasi kwanza. GB 8 leo ni ya kufungulia barua pepe. Cyberpunk 2077, baada ya masharti yake kupandishwa mwaka 2023, inataka GB 12 kama kima cha chini na inapendekeza 16. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia data kwenye diski, na hata SSD iliyo nzuri iko nyuma ya RAM kwa mbali sana. Hapo gemu halipungui mwendo kwa ulaini, linashtuka: fremu 60, 60, 60, kisha kimya cha nusu sekunde ukiwa katikati ya kona. GB 16 ndiyo pa kuanzia, na 32 ni pa kustarehe, hasa kama unaacha kivinjari na Discord vikiwa wazi nyuma.

Jambo la pili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, nalo halina gharama kubwa: vipande viwili badala ya kimoja. Prosesa za nyumbani zina njia mbili za kwenda kwenye RAM, zinazoitwa chaneli. Kipande kimoja cha DDR4-3200 (DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, 3200 ni kasi) kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vinapitisha 51.2. Anayenunua kipande kimoja cha GB 16 "ili niongeze kingine baadaye" ameiziba njia moja kwa hiari yake. Kwa anayetegemea grafiksi za ndani, kama za 5600G au 8600G, hilo ni kosa zito zaidi, kwa sababu grafiksi hizo hazina kumbukumbu yake binafsi; zinakula kutoka RAM hiyohiyo. Vipande viwili vya GB 8 vinashinda kimoja cha 16. Na kama mazabodi ina nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Kuna kompyuta nyingi zimefungwa vizuri kila kitu, waya zimelazwa kwa mstari, na RAM zote mbili zimekaa kwenye chaneli moja.

Jambo la tatu ni kasi, na hapa wauzaji huchanganya watu kwa namba moja wakificha nyingine. Namba kubwa, 3200 au 6000, inasema data inapita mara ngapi kwa sekunde, kwa mamilioni. Namba ndogo yenye herufi CL inasema RAM inachukua mizunguko mingapi kabla ya kuanza kujibu. Ukitaka muda halisi kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa kasi. DDR4-3200 yenye CL16 inatoa 10. DDR5-6000 yenye CL30 nayo inatoa 10. DDR5-6000 yenye CL40 inatoa 13.3. Unaona kwamba DDR5 haianzi kujibu mapema kuliko DDR4 nzuri; inachoishinda ni upana wa njia, kwani vipande viwili vya DDR5-6000 vinapitisha GB 96 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu mwenye DDR4 nzuri hana sababu ya kuona aibu, na mtu anayenunua DDR5 asiridhike na neno "DDR5" peke yake.

Kwa Ryzen za mfululizo wa 7000 na 9000, 6000 ndiyo kasi ya kulenga. Zaidi ya hapo kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa hufika mahali kinashindwa kwenda sambamba nayo na kulazimika kutembea nusu ya mwendo wake, ukajikuta umelipa zaidi kwa kuchelewa zaidi. Kwa Ryzen za 5000, 3200 hadi 3600 zinatosha. Na mwenye X3D anaweza kujipunguzia gharama hapa: kashe yake ikiwa kubwa, safari za RAM zinapungua, hivyo RAM ya kawaida haimuumizi kama inavyomuumiza mwenye kashe ndogo. Ndiyo sababu ya kuzifikiria hizi mbili kwa pamoja. Pesa unayoiweka kwenye kashe unaweza kuiondoa kwenye kasi ya RAM.

Vipande vinne kwenye DDR5 usivitamani. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ni 5200 ukiwa na vipande viwili. Ukijaza vinne inashuka hadi 3600. Ukihitaji GB 32, nunua viwili vya 16, vilivyouzwa katika boksi moja.

Sasa soketi, tundu la prosesa kwenye mazabodi, mahali ambapo uamuzi wa prosesa unakulazimisha aina ya RAM hata kama hukukusudia. AM4, soketi ya Ryzen tangu za kwanza za 2017 hadi mfululizo wa 5000, inapokea DDR4 tu. AM5, iliyokuja Septemba 2022, inapokea DDR5 tu, na AMD wameahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Intel LGA1700, ya kizazi cha 12 hadi 14, inakubali zote mbili, ila si kwenye mazabodi moja: kuna mazabodi za DDR4 na kuna za DDR5, na jina mara nyingi linafanana isipokuwa herufi mbili mwishoni. LGA1851 ya Core Ultra, ya Oktoba 2024, ni DDR5 pekee. Kipande cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR5. Pengo la katikati liko mahali tofauti makusudi, kwa hiyo kikigoma usikikandamize.

Mpaka katikati ya 2025 ningesema bila kusita kwamba anayeanza upya aende AM5, apate njia ya kubadilisha prosesa miaka ijayo bila kubadilisha mazabodi. Kisha bei ya RAM ikapaa. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya kumbukumbu ya dunia, na zote zilielekeza viwanda vyake kwenye vituo vya data vya akili unde, ambako wateja hawabishani bei. Mwishoni mwa 2025 seti ya GB 32 ya DDR5 ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache. Desemba mwaka huo Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo waliojiundia kompyuta wamelitegemea kwa miaka. DDR4 nayo ilipanda. Hesabu ikageuka: mwenye vipande viwili vya DDR4 kwenye kompyuta yake ya zamani ana mali mkononi, na njia ya busara kwake ni Ryzen 5 5600 au i5-12400F juu ya mazabodi ya DDR4, pesa inayobaki iende kwenye kadi. Asiye na kitu, na mwenye uwezo, bado namshauri Ryzen 5 7600 na DDR5-6000, hata kama ataanza na vipande viwili vya GB 8.

Ukinunua mazabodi ya AM4 ya zamani, mathalani B450 iliyozaliwa 2018, uliza BIOS yake, programu ya ndani inayoiwasha mazabodi, ni ya lini. Kama haijasasishwa haitaitambua 5600, na skrini itabaki nyeusi ukidhani umeuziwa mbovu. Baadhi ya mazabodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa yoyote. Zisizo nacho zinadai uazime prosesa ya zamani au umpelekee fundi aliye nayo.

Kwa wanunuzi wa mtumba kuna mambo mawili zaidi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa zile kubwa za i7 na i9, zilikumbwa na tatizo la kupokea umeme wa volti nyingi kupita kiasi, zikawa zinaharibika taratibu. Intel walitoa marekebisho kupitia BIOS Agosti 2024, lakini marekebisho huzuia uharibifu mpya tu, kilichokwishaumia hakiponi. i9 ya kizazi cha 13 kwa bei ya kutupa, isiyo na historia, mimi siigusi. Kizazi cha 12 hakikuwemo kwenye balaa hilo. Pili, RAM za seva zenye alama ya RDIMM huuzwa rahisi na zinaingia vizuri kwenye nafasi ya DDR4 ya kawaida, ila kompyuta haitawaka. Zimetengenezewa mazabodi nyingine.

Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini Ulaya, ambazo zimejaa Kariakoo na katikati ya Nairobi, ni mwanzo mzuri kwa kipato cha chini, mradi uchague yenye boksi kubwa na i5 ya kizazi cha nane kwenda juu. Fahamu tu kwamba pawa saplai na mazabodi zake mara nyingi zina umbo na plagi za kwao peke yao, na BIOS yake haikuruhusu kuipandisha RAM mwendo. RAM zake zenyewe, za 2400 au 2666, unaweza kuzihamishia kwenye mazabodi mpya ya DDR4 zikafanya kazi huku ukisubiri bei zitulie. Zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu hutumia RAM za laptop, hizo hazihamishiki.

Kompyuta ikishafungwa, usishtuke AM5 ikikaa na skrini nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Mazabodi inaipima DDR5 yako na kutafuta mpangilio inaouweza. Ukizima umeme katikati, inaanza upya. Picha ikitokea, ingia BIOS kabla ya kusakinisha chochote na uwashe XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Bila hivyo, RAM uliyoilipia 6000 itatembea kwa 4800 mpaka siku utakayoiuza, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bofya Memory, uisome kasi kwa macho yako.